Kisigino Kilichofungwa

Kati ya Juni na Agosti Mpanda, mkoani Katavi, hupata alfajiri za baridi ambazo mgeni hazitarajii katika nchi ya miombo. Waendesha bodaboda wanaowahi abiria huwa wamejifunga majaketi mazito ya mtumba, na mengi kati ya hayo yalishonwa kwa ajili ya watu wanaoteleza kwenye theluji. Alama zipo ukizitafuta. Kwa ndani, usawa wa kiuno, kuna mkanda mpana wa kitambaa wenye mpira na vifungo, uliowekwa ili mtu akianguka theluji isimpandie mwilini. Kwenye mkono wa kushoto kuna mfuko mdogo wa kadi ya kupandia lifti ya mlimani. Kijana wa Makanyagio hahitaji kuyajua hayo. Mkanda unamzuilia upepo na vumbi, na katika mfuko wa mkononi anatunza chenji.

Majaketi yamefika, glavu zimefika, daluga za Ulaya zinafika kwa marobota. Ski, zile mbao za kutelezea, hazifiki, na buti zake hazifiki. Sidhani ni kwa sababu ya bei au uzito. Jaketi linakubali kuhama: lilitengenezwa kuzuia baridi, na baridi ni baridi popote. Buti la ski halihami. Limebanwa na kazi yake kiasi kwamba hata kutembea nalo kwenye lami ni taabu. Anayelivaa hukanyagia kisigino, goti limekunjwa, mwili umeinamia mbele ukingoja mteremko ambao haupo. Nafundisha fizikia katika mji huu, na kwa muda mrefu buti hilo limenishughulisha kuliko hata mchezo wenyewe. Ndani yake kuna uamuzi wa mtu mwingine kuhusu mwili wa binadamu: wapi ufungwe, wapi uachiwe, nguvu ipite wapi. Mchezaji anapofika kileleni uamuzi huo ulishafanyika zamani, kiwandani, na atakachoweza kufanya hewani kinaanzia hapo.

Hadi miaka ya 1950 buti za ski zilikuwa za ngozi na kamba. Ngozi inauhurumia mguu, lakini haifikishi ujumbe. Anayeteremka mlima huigeuza ski kwa kuusukuma muundi wake mbele. Muundi unausukuma ulimi wa buti, buti linaisukuma ski, na makali ya chuma yaliyo pembeni mwa ski yanaingia kwenye theluji. Ngozi inaponyumbuka katikati ya njia hiyo, sehemu ya nia ya mchezaji inapotea kabla haijafika chini. Katika miaka ya 1960 Mmarekani Bob Lange alileta buti lenye gamba la plastiki, na haikupita miaka mingi washindani wakubwa wakawa wameihama ngozi. Kilichotakwa na goti sasa kilifika kwenye theluji.

Nguvu, hata hivyo, haipotei kwa kuzuiwa. Buti za ngozi ziliruhusu kifundo kipinde, na walioanguka walivunjika vifundo na mifupa ya miundi. Buti ndefu za plastiki, pamoja na vifungio vinavyoachia, zilipunguza sana majeraha hayo. Kisha madaktari wakaanza kupokea magoti: ile kano ya katikati ya goti, ambayo hukatika mara nyingi mchezaji anapotua mwili umelalia nyuma. Kiungo kimoja kilikingwa, mzigo ukahamia kiungo kilicho juu yake. Siwalaumu waliotengeneza. Mfupa wa muundi uliovunjika vipandevipande si jambo dogo, na aliyeuokoa alifanya kazi njema. Ninachokiona ni kwamba kila anayebuni kifaa cha mwili hupanga, kwa kujua au kwa kutojua, mahali ambapo maumivu yatakwenda.

Kisigino ndicho kitovu cha jambo lote. Mnorwei Sondre Norheim, mtu wa Telemark, aliwashangaza watu wa Christiania, mji unaoitwa Oslo leo, mwaka 1868. Wengi kabla yake walifunga vidole tu kwa ukanda. Yeye alisokota fito za mti laini akazizungusha nyuma ya kisigino, na ski ikamfuata mguuni hata aliporuka. Baada yake njia ziligawanyika. Wanaosafiri umbali mrefu waliacha kisigino huru, maana anayetembea lazima akiinue. Wanaoteremka milima mikali walikifunga chini kabisa. Ski ya mtindo huru, ile ya kuruka, kuzunguka na kupinduka hewani, ilizaliwa miongoni mwa hawa wa pili, katika miaka ya 1960 na 1970, vijana walipochoka kupimwa kwa saa peke yake. Iliingia Olimpiki kwa medali huko Albertville mwaka 1992 kwa mashindano ya matuta, ikaongeza sarakasi za hewani mwaka 1994, na ikaendelea kupanuka; huko Beijing mwaka 2022 mruko mmoja mkubwa ulipewa medali zake.

Mtindo huru ulirithi kisigino kilichofungwa, kisha ukaliomba buti kitu ambacho mshindani wa mbio hakukihitaji sana, yaani ulaini wenye utaratibu. Fikiria mtu anayetoka juu ya ukingo wa ule mfereji mkubwa wa theluji wenye kuta za karibu mita 7, anazunguka, kisha anarudi ukutani. Akitua pale ukuta ulipo wima, theluji inampokea polepole kwa sababu anaendelea kushuka nayo. Akitua chini zaidi, karibu na sakafu ya mfereji, mwendo wake wa kwenda chini unakatwa ghafla, na umbali pekee uliobaki wa kuupunguza ni ule wa viungo vyake kukunjika. Hapo buti gumu la mbio ni adui. Muundi unagonga ulimi usiosogea, goti linakataa kwenda mbele, na mwili unatupwa nyuma, kwenye hali ileile inayokata kano.

Kampuni ya Uswisi ya Raichle ilikuwa na jibu katika miaka ya 1980, buti lililoitwa Flexon. Badala ya gamba la plastiki linalokunjiana mbele, lilikuwa na vipande vitatu, na ulimi wake ulisimama peke yake, wenye mikunjo ya mlalo. Mikunjo hiyo iliruhusu muundi kwenda mbele kwa urahisi mwanzoni, kisha ugumu ukaongezeka kidogo kidogo kadiri goti lilivyosogea. Wachezaji wa matuta walilipenda, kwa sababu wao hukunja magoti mara nyingi kuliko mtu anavyoweza kuhesabu katika mteremko mmoja. Raichle ilipoacha kulitengeneza, walitafuta yaliyotumika, wakabadilishana vipuri, wakaunganisha la zamani na la zamani zaidi. Mwaka 2006 kalibu zake za kiwandani zilifufuliwa chini ya jina la Full Tilt. Katika habari nzima ya buti hakuna kinachonigusa kuliko hicho. Soko lilikuwa limeamua buti hilo limekufa, na waliokuwa wakianguka nalo kila siku walijua halijafa.

Kuna mambo madogo yanayobadilisha mengi. Chini ya kisigino, ndani ya buti la mtindo huru, huwekwa kipande cha mpira au povu zito, kwa sababu anayetua mara kwa mara kwenye sehemu bapa huumia mfupa wa kisigino mpaka ashindwe kukanyaga. Ugumu wa buti huandikwa kwa namba, kama 90, 100 au 130, lakini hakuna kipimo kimoja kinachowafunga watengenezaji wote, hivyo 100 ya kiwanda hiki si lazima iwe 100 ya kile. Na plastiki yenyewe hukakamaa kadiri baridi inavyozidi. Buti ulilolijaribu dukani penye joto na ukaliona laini litakuwa jingine mlimani. Mwanafunzi wangu akiniuliza kwa nini tunaandika halijoto kila tunapopima kitu, huo ni mfano ninaompa.

Hapa Katavi jambo hili tunalo, kwa sura yake. Daluga zinazoingia na mitumba zilitengenezwa kwa kukisia ardhi fulani. Zile zenye njumu sita ndefu za chuma zilikusudiwa nyasi laini zilizolowa mvua, ambamo njumu huzama na unyayo mzima hukaa juu ya udongo. Zilete Mpanda mwezi Septemba, mvua ikiwa imekatika tangu Aprili au Mei, uwanja umekauka na umepigwa na nyayo. Njumu hazizami. Uzito wote wa kijana unasimama juu ya ncha sita, nyayo zinawaka, na akigeuka kwa kasi kifundo kinapinda kwa sababu kiatu kimemwinua juu ya ardhi badala ya kumshika nayo. Nimewaona wanaokata njumu kwa msumeno wa chuma, kidogo kidogo, wakijaribu na kurudi kukata tena. Wanausahihisha uamuzi wa mtu ambaye hakuwahi kuuona uwanja wao.

Wachezaji wa mtindo huru hufanya vivyo hivyo. Wanaopenda kuteleza juu ya mabomba ya chuma huchukua tupa wakafifisha makali ya ski chini ya mguu, ili yasinase kwenye chuma na kumrusha mtu kifudifudi. Mwenye mfereji hawezi kufanya hivyo, maana kuta zake huwa ngumu karibu na barafu na bila makali atateleza mpaka chini. Ski mbili zilizotoka katika kalibu moja zinakuwa za michezo miwili kwa kazi ya tupa.

Sasa ubao wenyewe. Siku moja nilimchorea fundi seremala wa mjini kwetu sehemu ya kati ya ski nikamuuliza angetumia mti gani. Aliuangalia mchoro kwa muda.

"Mwalimu, huo ubao unataka umbebe mtu au umrushe?"

Nikamwambia vyote viwili, ila kurusha zaidi.

"Basi mninga uache. Mninga ukishakauka umetulia, ndiyo maana mlango wake haukusumbui. Hauna hamu ya kurudi ulikotoka. Tafuta mti wenye hamu, kama mkole."

Hakuwahi kuiona ski, na alikuwa ameuliza swali ambalo viwanda vya Ulaya na Marekani vimelihangaikia kwa miongo mingi. Ndani ya ski nyingi nzuri, chini ya rangi na picha, bado kuna mti. Hukatwa vipande vyembamba vikaunganishwa kwa gundi ubavu kwa ubavu: popla kwa wepesi na unyumbukaji, mti wa ash kwa nguvu mahali vifungio vinapofungwa kwa skrubu, paulonia pale wepesi unapotakiwa kuliko yote. Juu na chini ya mti huwekwa matabaka ya nyuzi za kioo zilizoloweshwa gundi, pengine na nyuzi za kaboni; chini kabisa plastiki inayoteleza, na pembeni makali ya chuma. Vyote hubanwa kwenye mashine yenye joto mpaka viwe kitu kimoja. Povu la kiwandani ni jepesi na rahisi kuliko mti, na limejaribiwa sana. Tatizo ni kwamba povu huchoka. Mti uliochaguliwa vizuri hupindwa mara maelfu na bado una hamu ile aliyoisema fundi.

Ski ya namna hii ukiilaza mezani haigusi meza katikati. Imeinuka milimita chache, ikigusa karibu na ncha zote mbili, na ukiikandamiza hapo kati inajibu. Ni upinde uliolazwa, na kamba yake ni uzito wa mchezaji. Anapokaribia ukingo wa mruko anajikandamiza chini, upinde unanyooka, na anapojiachia unamsukuma juu. Mrukaji hodari hauachi upinde ufanye kazi peke yake. Huegemea nyuma kidogo mwishoni mwa mruko ili mkia uhifadhi nguvu, na mkia unaporudi ndio unaomrusha. Kwa hiyo ugumu wa mkia ni suala la kuruka na la kutua kwa pamoja. Mkia laini unahifadhi kidogo na unamwachia mchezaji akae chini akitua vibaya. Mkia mgumu unarusha vizuri na unamshikilia, lakini haumsamehi aliyekosea hesabu.

Katika miaka ya 2000 upinde huo ulipinduliwa. Shane McConkey, mtelezaji wa theluji nene ya milimani, alijiuliza kwa nini ski ya theluji isifanane na ile ya majini, ambayo ncha zake huinuka na katikati hukaa chini. Kampuni ya Volant ikamtengenezea Spatula. Ilikuwa ski ya watu wachache, lakini wazo la kuinua ncha liliingia karibu kila mahali, hata kwenye ski za mtindo huru, ambazo leo nyingi zina upinde chini ya mguu na ncha zilizoinuka kabla ya kawaida. Ncha iliyoinuka hainasi kwa urahisi mtu anapotua akiwa hajamaliza kuzunguka. Anapoteza kidogo ule ushikaji wa makali, kwa hiyo wa mfereji huipunguza na wa mabomba huiongeza.

Kabla ya hapo kulikuwa na mapinduzi makubwa zaidi, na yalitoka kwa vijana wa Kanada waliokuwa wamelelewa katika mashindano ya matuta: Mike Douglas, JP Auclair, JF Cusson, Vincent Dorion, Shane Szocs. Walitaka kuruka na kutua wakitazama nyuma. Ski za wakati ule zilikuwa na ncha iliyopinda mbele tu. Mkia ulikuwa bapa, na anayerudi kinyumenyume ulichimba theluji ukamwangusha. Ski zenye mkia ulioinuka ziliwahi kuuzwa katika miaka ya 1970 kwa wanaocheza dansi juu ya theluji, lakini hazikuwa za miruko mikubwa. Vijana hao waliandika wanachokitaka, wakapiga picha za video, wakapeleka kwa makampuni. Walikataliwa mpaka Salomon ilipokubali, na mwishoni mwa miaka ya 1990 ikatoka ski iliyoitwa 1080, namba ya digrii za mizunguko mitatu kamili. Kuinua sentimita chache za mkia kulifungua nusu ya pili ya mchezo, yaani kila kitu kinachofanywa kinyumenyume. Mazoezi yao yote ya miaka iliyotangulia yalikuwa yamekwama kwenye kipande cha ubao bapa.

Uzito wa ncha ni somo ambalo nalifundisha kila mwaka. Gramu 50 zikiwa sentimita 90 kutoka mguuni zinapinga mzunguko mara tisa zaidi ya gramu hizohizo zikiwa sentimita 30, kwa sababu umbali huingia kwenye hesabu ukiwa umezidishwa kwa wenyewe. Mtengenezaji anayepunguza unene wa ncha, au anayeweka mti mwepesi mwishoni na mti mzito chini ya mguu, amempa mchezaji mzunguko rahisi bila kumwongezea msuli. Tarehe 8 Februari 2022, mrukaji Eileen Gu alizunguka digrii 1620, mizunguko minne na nusu, katika mruko wake wa mwisho huko Beijing, mruko ambao hakuwa amewahi kuufanya mashindanoni, akachukua dhahabu. Ujasiri ni wake, na miaka ya mazoezi ni yake. Lakini katika hewa ile, ambamo hakuna cha kusukuma wala cha kushika, kila gramu iliyoondolewa ncha na fundi asiyeonekana ilikuwa inazunguka naye.

Vivyo hivyo mahali pa kufunga buti. Wa mbio hufungiwa nyuma ya nusu ya ski, apate ncha ndefu ya kuongozea. Wa mtindo huru husogezwa mbele, pengine hadi katikati kabisa, ili mbele na nyuma viwe na uzito sawa, na azunguke akiwa kitovu. Sentimita mbili tu, na mtu huyohuyo juu ya ski zilezile anatua kwingine.

Nayasema haya yote nikimfikiria Philip Boit. Alikuwa Mkenya wa mbio za kati, wa ukoo wa Mike Boit aliyechukua shaba ya mita 800 mjini Munich mwaka 1972. Mwaka 1996 kampuni ya Nike ilimpeleka Finland pamoja na Henry Bitok wakajifunze ski za masafa, zile za kisigino huru. Februari 1998, huko Nagano, alishiriki kilomita 10 katika mvua na theluji iliyolowa. Bjørn Dæhlie wa Norwei alishinda kwa dakika 27 na sekunde 24. Boit alimaliza wa mwisho, wa 92, kwa dakika 47 na sekunde 25. Dæhlie alimsubiri mwishoni na kumkumbatia, sherehe ya medali ikangoja, na Boit akampa mwanawe jina la Dæhlie. Picha hiyo imezunguka dunia, na ni picha njema. Ila imeacha nyuma fikra ambayo siikubali, kwamba kilichoonekana siku ile ni mwili wa Kiafrika ukishindwa na baridi.

Angalia ski za mbio hizo. Upinde wake ni wa hatua mbili. Mtelezaji akisimama kwa miguu yote miwili, katikati hubaki juu ya theluji. Akisukuma kwa mguu mmoja, uzito wote hushuka, upinde hunyooka, na sehemu ya chini ya mguu iliyopakwa nta ya kunasa hugusa theluji na kumpa pa kujisukumia. Upinde ukiwa mgumu kuliko uzito na mtindo wake, nta haigusi na anarudi nyuma kila hatua. Ukiwa laini mno, nta inagusa muda wote na kumburuza. Huchaguliwa kwa karatasi: mtu anasimama juu ya ski sakafuni, karatasi inapitishwa chini ya katikati, akiwa kwa miguu miwili inapita, akihamia mguu mmoja inakwama. Jaribio hilo lingewezekana kwenye sakafu ya saruji ya darasa langu. Kisha kuna nta yenyewe, ambayo hubadilishwa kwa halijoto na umri wa theluji, na hakuna siku inayowatesa mafundi wa nta kama siku ya theluji iliyolowa karibu na nyuzi sifuri. Timu ya Norwei ilikuwa na watu waliozaliwa ndani ya elimu hiyo, na baba zao kabla yao. Boit alikuwa na miaka miwili ya kujifunza.

Nta nayo inanirudisha hapa. Mapishi ya zamani ya nta za ski yalichanganya lami ya msonobari, mafuta ya wanyama na nta ya nyuki. Inyonga, katika wilaya ya Mlele, watu wanajua nta kwa vidole: ipi imetoka kwenye masega ya zamani, ipi imechemshwa kwa moto mwingi, ipi itakatika na ipi itavutika jua likipanda. Ujuzi wa namna kitu kinavyobadilika kwa joto upo Katavi. Haujapewa theluji ya kufanyia kazi, hilo tu.

Waliomfuata Boit walikuja kwa njia nyingine. Robel Teklemariam aliiwakilisha Ethiopia mwaka 2006 huko Torino, naye alifanya mazoezi kwenye barabara za Addis Ababa kwa ski za magurudumu. Sabrina Simader, mzaliwa wa Kenya aliyekulia Austria, aliteremka milima ya Pyeongchang mwaka 2018, na mwaka huohuo Shannon-Ogbnai Abeda, aliyezaliwa Kanada kwa wazazi Waeritrea, akateremka kwa bendera ya Eritrea. Brolin Mawejje, mzaliwa wa Uganda, alichagua ubao mmoja wa theluji badala ya ski mbili, na ndiye aliyeikaribia zaidi miruko ninayoizungumzia. Simader na Abeda walikulia karibu na maduka ya mafundi, mahali ambapo mtoto akisema buti linamuuma kuna mtu anayeipasha moto plastiki na kuisukuma nje mahali pa kifupa. Huo ndio utofauti wao mkubwa na Boit, kuliko chochote kilichomo katika damu.

Tanzania haikuwa imepeleka mwanamichezo yeyote katika Olimpiki ya majira ya baridi hadi Beijing 2022 inamalizika. Ikitokea siku mtoto wa Kitanzania aliyekulia Calgary au Oslo akaomba kuruka kwa bendera yetu, ningependa asafiri na fundi kutoka nyumbani, kijana aliyesoma useremala katika chuo cha ufundi cha VETA, akae miaka kadhaa kwenye meza za kazi za huko kabla ya siku ya mashindano. Kiufundi si jambo la ajabu. Kifungio cha ski hufunguka kwa kipimo kinachorekebishwa kwa skrubu: kidole cha buti huachia mguu ukisokotwa, kisigino huachia ukivutwa juu. Kipimo hupatikana kwenye jedwali kutokana na uzito wa mtu, urefu wake, umri, urefu wa soli ya buti kwa milimita, na namna anavyoteleza. Wa mtindo huru mara nyingi hukaza kupita jedwali, kwa kuogopa ski isije ikamwachia angali hewani, na akikaza mno anakubali kwamba siku ya kuanguka haitaachia mapema. Jedwali haliwezi kumwamulia hilo. Linaamuliwa na watu wawili wanaoaminiana, kwa lugha wanayoielewa wote.

Na fundi huyo, kabla hajashika bisibisi, kabla hajaamua kama buti liinamishwe mbele zaidi au kisigino kiinuliwe, kama kifungio kisogezwe mbele sentimita moja au kibaki kilipo, atakuwa na swali la kumuuliza mrukaji wake: "Ukitua vibaya, huwa unaangukia mbele au nyuma?"